Walitaka Alie

Kwenye kliniki ya wajawazito alikofanya kazi mkunga wetu kwa miaka mingi, ukutani juu ya mzani, palikuwa na bango la lishe lenye picha ya mtoto wa kike. Mtoto amesimama peku mchangani, ameshika bakuli tupu, na machozi yamemchora mistari miwili kwenye vumbi la mashavu. Chini yake yalikuwapo maneno ya kuwahimiza akina mama wawape watoto uji wa karanga. Siku moja mama mmoja kutoka Lionja, akiwa amelala kitandani anapimwa, alilitazama lile bango akasikitika.

"Masikini mtoto huyu. Sijui kama alipona."

Mkunga hakuinua kichwa. Alikuwa ameweka sikio kwenye kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

"Alipona," akasema. "Ndiye anayekupima. Sasa nyamaza nimsikie wako."

Yule mama aliisimulia habari hiyo sokoni Nachingwea na wengi wakacheka, maana mkunga alijulikana kwa utani mkavu ambao hukujua ucheke au uombe radhi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshasimuliwa habari ya ile picha na yeye mwenyewe.

Nilimfahamu kwa sababu ya studio. Nilikuwa na vyumba viwili vya kupanga karibu na stendi ya Nachingwea. Kimoja cha kupigia picha, chenye pazia la bluu lililochorwa maua na ngazi isiyofika popote. Cha pili nilikigeuza kibanda cha video, mabenchi na televisheni moja. Kila wiki ya Krismasi mkunga alikuja kupigwa picha. Aliketi, akaweka mikono magotini, akatoa amri mbili zilezile. Viatu vionekane. Na nisibonyeze mpaka aseme yeye. Kisha aliitazama kamera kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani, mbwa ambaye hajamng'ata bado. Akishajipanga moyoni alisema, "Haya," nami nikabonyeza. Hakutabasamu wala hakununa.

Nje ya hapo hakutaka kamera imguse. Arusini aligeuza kiti. Wodini alimfukuza yeyote aliyekuja kumpiga picha kichanga, hata akiwa baba mzazi. "Hajakuruhusu," alikuwa akisema. "Subiri ajue kusema ndiyo."

Nilimwuliza siku moja, nikiwa nafunga studio, kwa nini lazima viatu. Alikaa palepale kwenye kiti cha picha akanieleza, bila kulegeza sauti, kama anayempa nesi wa zamu habari za mgonjwa.

Walivuka Ruvuma kwa mtumbwi yeye na mama yake, wakati wa vita vya Wareno. Baba yake, fundi cherehani, alibaki nyuma na hawakumwona tena. Lakini kabla ya kuwatoa usiku ule alimvalisha mtoto raba nyeupe za kitambaa alizomnunulia duka la Mreno, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Walifika upande huu raba zikiwa miguuni. Siku chache baadaye kambini alikuja Mzungu mwembamba, mpole, mwenye pipi mfukoni na kamera shingoni. Aliwatazama wale watoto, akamchagua yeye. Mama yake akasimama kando yake, amejifunga kanga yake nzuri, maana alidhani wanapigwa wote wawili.

Yule Mzungu aliongea, na mkalimani wake akatafsiri. "Mama asogee. Na mtoto avuliwe raba. Mkimbizi gani ana raba?"

"Wakanivua," mkunga aliniambia. "Wakanipa bakuli, halikuwa letu. Mimi nikalia. Nililia raba zangu, mwanangu. Dunia nzima ikaona nalia vita."

"Zilirudi?"

"Waliziweka juu ya boneti ya gari zisijae mchanga. Gari likaondoka nazo. Sidhani walikusudia. Walisahau tu. Na hilo ndilo linaloniuma. Mwizi angalau anakuwa amekiona kitu chako."

Mama yake alifariki kambini mwaka huohuo kwa homa. Hakuna picha yake hata moja duniani. Mkunga aliwahi kuiona ile picha ilipotolewa mara ya kwanza, kwenye jarida la mapadri, na pembeni kabisa kwenye ukingo kilionekana kipande cha kanga, upana wa kidole. Kwenye bango la kliniki ule ukingo ulikuwa umekatwa. "Alikuwa amesimama hatua moja tu," alisema. "Hatua moja, na hayupo."

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mkali, na wapo akina mama mjini Nachingwea ambao mpaka leo wakikutana naye wanavuka barabara. Alipiga mapaja ya waliokuwa wakijifungua, akawaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mwanamke aliyepiga kelele aliambiwa, "Hiyo sauti itunze, utaihitaji kumlea." Kisha yuleyule aliyemtukana alfajiri ungemkuta mchana anamlisha uji kijiko kwa kijiko, uji aliopika kwake na kuubeba kwa miguu kutoka nyumba za zamani za mashamba ya karanga, kwa sababu jiko la wodi hakuliamini. Alikunywa chai amesimama. Alikula ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kama watu wengine wanavyokula karanga, huku anafanya kitu kingine. Kanisani aliimba kwa sauti kubwa mno na nje ya ufunguo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kuhusu picha za wakimbizi alikuwa na elimu ya pekee, elimu ya mtu aliyekuwa upande wa pili wa kamera. Alinieleza kwamba wakati wa utoto wake walikuja wapigaji wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wa upande wa wapiganaji, na hao walitaka wanawake waonekane wamebeba mizigo kichwani wanacheka, vichwa juu, kana kwamba kukimbia ni kazi ya ujenzi wa taifa. Wa pili walikuwa wa misaada, na hao walitaka bakuli na machozi. "Asubuhi tuliambiwa tucheke, jioni tuliambiwa tulie," alisema. "Mama yangu alikuwa anauliza, leo ni wa aina gani, nijue uso wa kuvaa."

Picha yake iliendelea na safari bila yeye. Ilikuwa kalenda. Ikawa kadi ya Pasaka. Ikawa bango la lishe, akafanya kazi chini yake miaka yote hiyo bila kumwambia mganga mkuu. Mara moja padre mmoja alileta gazeti la kanisa kutoka nje, na mkunga akajikuta humo, uso uleule, na maelezo yakisema ni mtoto wa njaa ya Uhabeshi.

"Nimekuwa Mhabeshi," aliniambia, akinionyesha.

"Mama, si uwaandikie?"

"Nimwandikie nani? Picha haina mlango ukapiga hodi."

Ungedhani basi mtu kama huyo alichukia kila kitu kinachoonyesha sura ya binadamu. Lakini mtu alipomwambia hivyo alimkatiza, akamsimulia habari ya gari la sinema. Lilikuja kambini likatandika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, na wakimbizi wakaonyeshwa wapiganaji wao wakitembea msituni kwa mistari. Mwanamke mmoja mtu mzima alisimama ghafla katikati ya watu akaita jina. Alikuwa amemwona mwanawe. Mtoto huyo alikuwa ameshakufa, taarifa ilikuwa imeshafika na kilio kilikuwa kimeshaisha, na sasa anatembea pale shukani, bunduki begani, anageuka kumwambia kitu mwenzake nyuma. Mama akasema, "Amenenepa."

Alimwomba mwenye sinema arudishe. Akarudisha. Gari lilipoondoka kesho yake kwenda kambi nyingine, yule mama alilifuata kwa miguu, akafika jioni, akamwona tena. Akalifuata tena. Mkunga, wakati huo binti mdogo tu, alimfuata mara moja kumsindikiza. Mwenye sinema alimzoea, akawa anamwekea mahali pa mbele. Hadi siku moja aliletewa filamu mpya kutoka makao makuu, ya zamani ikachukuliwa, na yule mama akakaa mbele ya shuka akiwatazama watu asiowajua mpaka taa zikawashwa.

"Alikufa mara ya pili," mkunga alikuwa akimalizia. "Lakini alipata siku kadhaa za kumwona anatembea. Usiniambie nachukia picha."

Vita vya pili vya Msumbiji vilipowaleta watu tena, mkunga alikuwa ameshaajiriwa, na hospitali ilimtuma kupokea wajawazito waliovuka. Kamera zilikuwa zimeshakuwa za rangi. Sasa wapigaji walipenda nzi. Alisema aliwaona wakisubiri nzi atue kwenye jicho la mtoto ndipo wapige, na mama akinyoosha mkono amfukuze, anaombwa asubiri kidogo. Wewe ungetegemea awafukuze. Hakuwafukuza. Aliwakusanya wanawake nyuma ya hema akawaambia kwa Kimakonde, "Wakija wale, lieni. Asiyeweza kulia ajifinye. Blanketi haziji bila machozi." Na walilia, na blanketi zilikuja.

Nilimwuliza haoni kwamba alifanya yaleyale aliyofanyiwa.

"Kulikuwa na baridi," akasema.

Katika kibanda changu cha video alikuja mara chache. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa wakimbizi wa Rwanda kule Ngara, nilipokuwa nimefunga dishi na watu wanajaa kutazama taarifa ya habari. Tuliona barabara imejaa watu kutoka juu, kamera ikiwa kwenye ndege, mstari usio na mwisho. Alisimama mlangoni na mwavuli wake. "Sisi walitutafuta uso angalau," alisema. "Hawa wamekuwa mchanga." Akaondoka.

Mara nyingine alikuja kumtafuta mpwa wake akakuta picha ya vita ya Kizungu inaendelea, kijiji cha Kiafrika kinaungua, watu wanakimbia. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alianguka, na kamera ikampita ikamfuata mwanajeshi. Mkunga akaketi kwenye benchi. Baada ya muda akauliza kwa sauti, "Yule aliyeanguka na mtoto, watamrudia saa ngapi?"

"Mama, yule si stelingi," nikamwambia. Watu wakacheka.

Alikaa mpaka mwisho. Stelingi, yule mwanajeshi, alipanda helikopta, muziki ukapigwa, majina yakapanda. Alisubiri hata majina yaishe, kisha akasimama akakung'uta gauni. "Hawakumrudia," akasema, akamshika mpwa wake mkono wakatoka. Nakiri kwamba tangu siku hiyo sijaweza kutazama picha ya vita bila kuhesabu walioanguka.

Miaka ilikwenda. Studio ziliuawa na simu, kibanda nikakifunga, nikabaki na kazi ya kurekodi arusi na mahafali kati ya Nachingwea na Ruangwa. Mkunga alistaafu akajenga Lionja, akalima mikorosho na ufuta. Vita vilipoanza tena upande wa kaskazini wa Msumbiji, hivi vya kuchoma vijiji na kukata watu vichwa, waliovuka safari hii hawakuonekana sana. Wengi walijipenyeza kwa ndugu kimyakimya. Hata hivyo picha zilifika kabla yao, kwenye simu, usizoziomba, zikitumwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Vijana walizitazama wakila chipsi. Katika hizo mkunga aliwahi kuletewa na mjukuu wake uso wake mwenyewe wa utotoni, mtu kaupaka rangi kwa kompyuta na kumvika gauni jekundu. Mjukuu hakujua ni nani. Mkunga alimrudishia simu bila kumwambia.

Basi ikatokea kwamba watu wa msaada, ambao sitawataja, walitaka filamu fupi kuhusu wakimbizi wanaoishi vijijini. Walimtuma dada mmoja kutoka Dar es Salaam, mtengenezaji wa filamu, na mpiga kamera wake. Mimi walinikodi nishike kipaza sauti. Walihitaji mtu wa kutafsiri Kimakonde, mtu mzima, mwanamke, anayeaminika. Kila waliyemwuliza aliwaelekeza kwa mkunga. Nilidhani atakataa. Alikubali haraka mno.

"Wakienda bila mimi watampata mkalimani kama yule wangu," aliniambia.

Tulikwenda Malolo, kwa mama mmoja aliyekuwa akiishi na binti wa kaka yake aliyevuka, mwanamke kijana aitwaye Atija, mwenye watoto wadogo wawili. Yule dada wa filamu hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni, alisalimia kila mtu, alimwuliza Atija kama yuko tayari. Kamera ikawekwa uani, Atija akakalishwa kwenye kigoda, mkunga akaketi mbele yake pembeni ya kamera. Mimi nilikuwa na vifaa masikioni, na kwa kuwa mama yangu ni Mmakonde nilielewa kila neno.

"Mama, mwulize siku wale watu walipoingia kijijini aliona nini," dada akasema.

Mkunga akamgeukia Atija. "Mihogo yenu mliivuna kabla ya kutoka?"

Atija akashangaa, kisha akacheka, mkono mdomoni. "Tuliiacha ardhini. Nyani watakuwa wamenona."

"Mihogo ya aina gani?"

Wakaendelea. Waliongea habari za mihogo, za namna huku wanavyoianika, za mjomba fulani mlevi wa ng'ambo ambaye mkunga alikumbuka kulisikia jina lake kwa marehemu mama yake. Atija alilegea mabega. Alijiweka vizuri kigodani, akamvuta mtoto wake wa mwisho akampakata.

"Anasema nini?" dada akauliza.

"Anasema mihogo yao inaliwa na nyani."

Dada akatikisa kichwa kwa subira. "Sawa. Sasa mume wake."

Safari hii mkunga aliuliza swali lenyewe, lakini polepole, na akaongeza kwamba si lazima kulijibu. Atija alitazama mtoto. "Aliniambia tangulia," akasema. "Nikatangulia."

"Anasema mumewe alimwambia atangulie, naye akatangulia."

"Kwa hiyo aliuawa?"

"Hakusema aliuawa. Amesema alimwambia atangulie."

"Mama, naomba umwulize alijisikiaje."

"Alijisikiaje alipofanya nini? Alipotangulia?"

Dada akashusha pumzi. Walijaribu tena mara kadhaa, na kila mara Atija alijibu kwa kifupi na macho makavu, na mkunga akatafsiri neno kwa neno bila kuongeza hata chumvi. Mwisho dada akasema inatosha, akashukuru. Wakati tunakunja nyaya Atija alirudi jikoni, akainama kupuliza moto, kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukamwingia machoni. Mpiga kamera alikuwa bado na kamera begani.

Tulirudi mkunga akiwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Garini aliimba, nje ya ufunguo kama kawaida. "Hawakumpata," aliniambia sikioni.

Filamu ilitoka kabla ya mvua. Sauti ya Atija haikuwemo. Kulikuwa na piano, na sauti ya mwanamke mwingine akisoma maneno mazuri. Uso wa Atija ulionekana mara mbili. Kwanza anacheka na mtoto, na maneno chini yakisema anajaribu kusahau. Kisha uso umejaa machozi ya moshi, umepunguzwa mwendo mpaka chozi likachukua muda mrefu kufika kidevuni, na maneno chini yakisema mumewe aliuawa mbele ya macho yake.

Ilisambaa. Ilivuka Ruvuma kurudi ilikotoka, ikafika kwenye simu ya mtu katika kambi ya waliohamishwa huko, na mtu huyo akamwonyesha mama mkwe wa Atija. Yule bibi alikuwa akimsubiri mwanawe. Aliangua kilio, wakakaa matanga, wakasoma dua. Kisha akatuma ujumbe wa sauti, ukapita kwa watu mpaka Malolo. Niliusikia baadaye. Haukuwa mrefu. Alisema, "Ulimwona anakufa ukanificha. Umenizikia mwanangu kwenye simu. Usirudi kwetu."

Mkunga alipopata habari alinifuata nyumbani, tukaenda pamoja Ruangwa kwa wale watu wa msaada. Walitupokea vizuri, walitupa viti. Mkunga alieleza taratibu, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu, kwamba yale maneno ya chini si ya Atija. Kijana wa ofisini alisikiliza mpaka mwisho. Alisema anaelewa sana, ila filamu imeshawagusa watu wengi, na maana yake kwa jumla ni ya kweli, kwa sababu waume wengi waliuawa.

"Wengi, sawa," mkunga akasema. "Wa huyu?"

Kijana akasema atalifikisha kwa wakubwa. Mpaka leo sijasikia limefika wapi.

Baada ya hapo mkunga alisema lazima twende Malolo. Nilikuwa na pikipiki. Asubuhi ya kwenda nilimkuta Lionja barazani, mfuko wa chumvi mapajani. Aliniambia alihangaika aende na nini. Akibeba mchele wa msiba, atakuwa amekubali kwamba yule mtu amekufa. Akienda mikono mitupu, atakuwa kama hakwenda. "Chumvi haina upande," alisema. "Msibani inaliwa, arusini inaliwa."

Tulifika jua limepanda. Shangazi mtu, yaani mama mwenye nyumba, alitukaribisha kwa sauti ya chini, akatuwekea mkeka. Atija alikuwa ndani. Aliitwa, hakuja. Mkunga akasema tusubiri. Alikaa amenyoosha miguu, mfuko kando yake, na watoto wa Atija wakatuzunguka wakiitazama pikipiki.

Baadaye Atija alitoka. Hakuketi. Alisimama kwenye kizingiti, akaongea na mkunga kwa Kimakonde, bila kupandisha sauti.

"Mama, wale sina neno nao," alisema. "Wale siwajui. Wangeniuliza peke yao ningenyanyuka nikaenda zangu. Nilikuwa tayari kunyanyuka. Wewe ukaniuliza mihogo."

Mkunga akakunja miguu aliyokuwa ameinyoosha.

"Ukanichekesha, nikakaa. Nikajiona niko nyumbani, nikaachia uso. Wakauchukua. Kama usingekuja wewe, wasingepata kitu."

Shangazi akajaribu kuingilia, akasema mkubwa haambiwi hivyo. Mkunga akainua mkono kumnyamazisha, mkono uleule niliouona ukinyamazisha wodi nzima.

"Mwache aseme," akasema.

Lakini Atija alikuwa amemaliza. Aliuokota mfuko wa chumvi mkekani, akaenda mpaka kwenye pikipiki, akauning'iniza kwenye usukani, akarudi ndani akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga kama mtu anayefunga kila siku.

Tuliondoka. Njiani, tulipopita mashamba ya mwisho ya Malolo, mkunga alinigusa bega nisimame. Alishuka, akasimama kando ya barabara akiipa pikipiki mgongo. Nilidhani anataka kujisaidia, nikageuza uso. Nilipotazama tena alikuwa amesimama vilevile, mikono ubavuni.

"Hivi ile filamu huwezi kuifuta?" akauliza.

"Siwezi, Mama. Iko kwenye simu za watu."

"Hata wewe fundi."

"Hata mimi."

Lori la ufuta likapita likatuachia vumbi, mkunga akalisubiri litulie.

"Yule Mzungu wangu alikuwa na pipi," akasema. "Mimi nilikuwa na mihogo."

Nilianza kumwambia si sawa, kwamba yeye alikwenda kumlinda yule binti, na kwamba kila mtu anajua hivyo. Alinisikiliza kwa heshima, kama alivyomsikiliza yule kijana wa ofisini. Kisha akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akapanda pikipiki, akanishika kiunoni.

"Twende," akasema. "Yule binti ana akili kuliko mimi. Amemfukuza Mzungu wake angali anamwona."